Mbwa Msaidizi, Tohara na Kauli ya Mgonjwa Asiyeonekana

Miongoni mwa maswali ambayo Waislamu wanaoishi Ulaya na Marekani wamewapelekea maulamaa wao katika miongo ya karibuni, swali la mbwa msaidizi limekuwa likijibiwa kwa upande wake mwepesi na kuachwa kwa upande wake mgumu. Mbwa msaidizi ni mbwa aliyefunzwa kumfanyia mtu mwenye ulemavu kazi mahususi ambayo ulemavu wake unamzuia kuifanya mwenyewe, au unamzuia kuifanya kwa wakati, na upande mwepesi wa swali lake ni tohara: je, mnyama ambaye mate yake yamehukumiwa kuwa najisi anaweza kukaa nyumbani mwa mtu anayesali mara tano kwa siku, kupanda teksi ya dereva Muislamu, au kufika mlangoni pa msikiti? Vitabu vya fikihi, elimu inayochambua hukumu za ibada na za maingiliano ya watu, vina majibu ya swali hilo, na misingi ya majibu hayo iliwekwa karne nyingi kabla ya kufunguliwa kwa shule ya kwanza ya mbwa wa aina hii. Upande mgumu ni ushahidi. Mbwa anapofuatana na mtu anayeona vizuri, anayetembea bila kuchechemea na kuzungumza bila taabu, ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba mtu huyo anamhitaji, na anaamua kwa dalili gani?

Kwa muda mrefu swali hili la pili halikujitokeza, kwa sababu mbwa wasaidizi wa mwanzo walikuwa waongozaji wa vipofu. Shule ya awali kabisa ilifunguliwa mjini Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Marekani ikafuata mwaka 1929 kwa taasisi iitwayo The Seeing Eye, na Uingereza mwaka 1931. Upofu hujieleza wenyewe, na mbwa aliyefungwa hatamu yenye mshikio mgumu mkononi mwa kipofu hahitaji kutolewa maelezo kwa mlinzi wala kwa kondakta. Ulemavu usioonekana ni jambo jingine. Jina hilo hukusanya hali zisizofanana kwa asili wala kwa tiba, kama vile kifafa, kisukari cha watu wanaotegemea sindano za insulini, usonji, baadhi ya maradhi ya moyo yanayomwangusha mtu ghafla, na ule msongo wa akili unaobaki baada ya vita, ubakaji au ajali, ambao humrudisha mtu katika tukio lenyewe, usingizini na akiwa macho, hata miaka mingi baadaye. Kinachoziunganisha ni kwamba mwenye nazo, kwa sehemu kubwa ya siku, huonekana mzima kama wenzake, na ugonjwa hudhihirika pale tu unapomzidi nguvu.

Kazi ya mbwa hufuata umbo la ugonjwa. Sukari ya mwili inaposhuka, harufu ya jasho na pumzi hubadilika kabla mgonjwa mwenyewe hajahisi lolote, na mbwa aliyefunzwa kwa sampuli za harufu hiyo humgusa bwana wake kwa pua, asiposikilizwa humwekea mguu gotini, na hurudia hivyo mpaka kipimo kitolewe mfukoni na tone la damu litazamwe. Usahihi wao hutofautiana sana kati ya mbwa mmoja na mwingine, kwa hiyo hakuna daktari makini anayemweka mbwa mahali pa kipimo. Mbwa ni wa kukumbusha kupima. Kwa kifafa, mbwa wengi hufunzwa kuitikia mshtuko ulioanza, ama kwa kubonyeza kitufe cha kengele au kwa kulala sambamba na mgonjwa mpaka fahamu zimrudie, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Rennes, Ufaransa, ulionyesha kwamba mbwa wanaweza kuitambua harufu ya mwili wa mtu aliye katika mshtuko wa kifafa na kuitofautisha na harufu za nyakati nyingine. Kwa askari mstaafu asiyeweza kuvumilia mtu kusimama nyuma yake, mbwa hukaa mgongoni pake kwenye foleni ya duka na kuweka nafasi kati yake na anayefuata. Usiku, anapoanza kupiga kelele ndotoni, humwamsha kwa kumvuta shuka, humlalia miguuni kwa uzito wake wote, na wengine wamefunzwa hata kuwasha taa. Kwa mtazamaji wa dukani, haya yote ni mtu mzima aliyeleta mbwa mahali pa chakula.

Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki walio wengi, kama wenzao wa Somalia, Yemen na Indonesia, hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na madhehebu hayo ni miongoni mwa yaliyo makali zaidi kuhusu mbwa. Kwa mujibu wake mbwa mzima, si mate yake peke yake, ni najisi nzito, yaani najisi isiyoondoka kwa kuoshwa mara moja: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, na mojawapo ya mara hizo ni kwa maji yaliyochanganywa na udongo, kufuatana na Hadithi mashuhuri. Wafuasi wa Imamu Maliki husema mbwa aliye hai ni tohara na kwamba kuosha chombo ni ibada inayotiiwa bila kutafutiwa sababu, ilhali kauli inayotegemewa kwa Mahanafi ni kwamba najisi ni mate, na mwili sio. Tofauti hizi hazikuanza jana wala hazikuletwa na Wazungu. Ni za wanazuoni wakubwa wa karne za mwanzo, na kila upande ulikuwa na Hadithi ile ile mkononi.

Hata hivyo, ukali wa Mashafi una mipaka ambayo mara nyingi husahauliwa na wale wanaoutaja kwa sauti kubwa. Mpaka wa kwanza ni kwamba najisi kavu haihamii kwenye kitu kikavu, kwa hiyo manyoya makavu yakigusa kanzu kavu hakuna cha kuoshwa. Mpaka wa pili, ulio muhimu zaidi, unapatikana katika mlango wa uwindaji. Aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida huhalalisha nyama ya mnyama aliyekamatwa na mbwa aliyefunzwa, na mafakihi wakalazimika kueleza aliyefunzwa ni yupi. Mashafi wakaweka masharti: aende anapotumwa, asimame anapozuiwa, amshike mnyama kwa ajili ya bwana wake na asimle, na haya yarudiwe mpaka wajuzi wa mambo ya mbwa waseme kwamba huyu sasa amefunzika; Mahanafi, kwa sharti la kutokula, wakaridhika na mara tatu. Kisha likaja suala la mahali meno yalipopita. Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, ambaye kitabu chake Minhaj kilitegemewa na makadhi wa pwani yetu kwa vizazi, anaeleza kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa mahali hapo pana najisi isiyosamehewa, ila kuoshwa kwa maji na udongo kunatosha na hakuna haja ya kuikata nyama hiyo na kuitupa.

Msomaji akiitafakari hukumu hiyo moja ataona kwamba imetenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya barazani huyachanganya. Unajisi wa mbwa ni hukumu ya tohara, na dawa yake ni maji na udongo. Uhalali wa kumtumia ni hukumu ya manufaa, na kipimo chake ni mafunzo na haja. Mnyama yule yule, kwa siku ile ile, katika kitabu kile kile, ni najisi nzito na ni mtumishi ambaye kazi yake inahalalisha chakula. Kwa hiyo anayesema kwamba mgonjwa wa kifafa hawezi kuwa na mbwa kwa kuwa mbwa ni najisi, amechukua hukumu ya mlango mmoja akaifungia mlango mwingine, na Nawawi asingemkubalia.

Kuhusu kufuga, Hadithi inatahadharisha kwamba anayefuga mbwa hupungukiwa kila siku na kirati katika thawabu zake, kirati kikiwa kipimo cha ujira, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Wanazuoni waliuliza kama nyumba inaweza kulindwa na mbwa ilhali nyumba haikutajwa, na Nawawi akaona lililo sahihi zaidi ni kuruhusu kwa njia ya kiyasi, yaani kulipa jambo lisilotajwa hukumu ya lililotajwa kwa sababu yana chanzo kimoja, na chanzo hicho hapa ni haja. Ikiwa haja ya kulinda mali inatosha, ni vigumu kuona kwa nini haja ya kulinda uhai isitoshe. Suala la malaika kutoingia nyumba yenye mbwa nalo lina khitilafu ya zamani: Khattabi alilihusisha na mbwa asiyeruhusiwa kufugwa, Nawawi akaona Hadithi ni ya jumla. Ama kisa cha mbwa wa Watu wa Pangoni, na Hadithi ya aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, hutajwa kila mara katika mijadala hii. Ni visa vitukufu vya huruma na rehema, lakini havikuja kueleza tohara, na kuvitumia kama dalili yake ni kuvibebesha mzigo usio wao.

Utendaji umeonyesha kwamba upande huu wa swali unatatulika. Mwaka 2008 msikiti mmoja mjini Leicester, Uingereza, ulimruhusu kijana kipofu kufika na mbwa mwongozaji, ukatenga mahali pa mbwa kupumzika karibu na mlango, mbali na ukumbi wa sala, na ruhusa hiyo ilitanguliwa na fatwa. Hakuna nguzo iliyovunjika. Inafaa pia kukiri kwamba uoga wa mbwa katika Afrika Mashariki hautokani na dini peke yake: kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na mtoto wa Tanga au Kwale anayemkimbia mbwa koko anafanya jambo la busara ambalo hakulisoma katika kitabu chochote.

Kijana wa Leicester, hata hivyo, alikuwa kipofu, na kamati ya msikiti haikuhitaji kuuliza lolote kuhusu macho yake. Kama angekuwa mgonjwa wa kifafa, mazungumzo yangeanzia mahali pengine kabisa, na hapo ndipo upande mgumu wa swali unapojitokeza.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayowalinda watu wenye ulemavu, pamoja na kanuni zake zilizoanza kutumika mwaka 2011, imelijibu swali la ushahidi kwa njia inayostahili kuangaliwa na mwanafikihi. Pale ambapo haja ya mbwa haijidhihirishi, mhudumu wa duka, hoteli au hospitali anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu: kama mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani. Haruhusiwi kuuliza ugonjwa wenyewe, wala kudai cheti, wala kumtaka mbwa aonyeshe ufundi wake hapo hapo. Anachoweza kufanya ni kumtoa mbwa asiyedhibitiwa au anayejisaidia ndani. Usafiri wa ndege uko chini ya sheria nyingine, na kanuni zilizotolewa mwishoni mwa mwaka 2020 huwaruhusu wenye mashirika ya ndege kumtaka abiria ajaze fomu za serikali zinazothibitisha afya, mafunzo na tabia ya mbwa. Kwa maneno mengine, nchi moja ina njia mbili: ya kuamini kauli na kuangalia tabia, na ya kudai karatasi.

Jamii ya Waswahili ina neno lake kwa kile kinacholindwa na njia ya kwanza, nalo ni sitara. Mtu hustiriwa mwili, hustiriwa umaskini, hustiriwa maradhi, na anayemvua mwenzake sitara hadharani bila sababu amefanya kosa hata kama aliyoyasema ni kweli. Sitara ya maradhi ni nzito zaidi kwa kifafa na kwa magonjwa ya akili, ambayo katika sehemu nyingi za pwani bado huhusishwa na majini, kiasi kwamba binti anayejulikana kuanguka huweza kukosa mchumba na nduguze pia wakatiliwa shaka. Kuna methali isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na huenda ikatumiwa kupinga hoja hii. Lakini methali hiyo inamhusu anayemficha tabibu, na bawabu wa hoteli si tabibu. Kumlazimisha mwanamke aeleze kwenye mlango wa benki kwamba alibakwa na ndiyo maana hawezi kusimama katika umati bila mbwa wake ni kumdhulumu mara ya pili, na swali kuhusu kazi ya mbwa, badala ya ugonjwa wa mtu, ni njia ya kupata kinachohitajika bila dhuluma hiyo.

Mwanafalsafa wa Uingereza Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu udhalimu katika mambo ya ujuzi, alieleza aina ya dhuluma inayotokea pale msikilizaji anapoipunguzia kauli ya msemaji thamani yake kwa sababu ya dhana aliyo nayo juu ya watu wa kundi lake. Wenye ulemavu usioonekana huijua dhuluma hii kwa sura ya pekee, kwani hukataliwa kwa kile wasichofanana nacho: haonekani mgonjwa, basi si mgonjwa. Maelezo ya Fricker yanasaidia kuutambua udhalimu huo, ila yanampa bawabu maadili zaidi kuliko yanavyompa kanuni. Kanuni, kwa bahati njema, ipo katika fikihi, na ipo mahali ambapo wachache wangeitafuta: katika hukumu za eda.

Eda ni muda ambao mwanamke aliyeachwa husubiri kabla ya kuolewa tena, nao, kwa mwenye kupata hedhi, hupimwa kwa Mashafi kwa tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi. Tatizo la ushahidi liko wazi: hakuna ajuaye hedhi yake isipokuwa yeye. Mafakihi hawakuagiza achunguzwe, wala hawakusema kwamba lisiloonekana halipo. Walichukua aya ya 228 ya Sura ya Al-Baqara, inayowakataza wanawake hao kuficha kilichoumbwa matumboni mwao, wakaona kwamba makatazo ya kuficha yasingekuwa na maana kama kauli yao isingekuwa yenye kutegemewa, na wakajenga juu yake kaida kwamba mtu hukubaliwa kauli yake katika lile lisilojulikana ila kutoka kwake. Kauli hiyo si ya faragha; inagusa haki za watu wengine, kwa sababu juu yake hujengwa haki ya mume kumrejea mkewe, nasaba ya mtoto na ndoa ya pili.

Lakini kaida hiyo haikuachwa bila mpaka, na namna ulivyowekwa ni fundisho. Mashafi walikokotoa muda mfupi kabisa ambao eda inaweza kumalizika ndani yake. Hedhi fupi kabisa kwao ni siku moja na usiku wake, na tohara fupi kabisa kati ya hedhi mbili ni siku 15. Mwanamke aliyeachwa katika nukta ya mwisho ya tohara yake anahesabiwa nukta hiyo kuwa tohara ya kwanza, kisha hupita hedhi ya siku moja, tohara ya siku 15, hedhi ya siku moja, tohara ya siku 15, na nukta ya kuingia hedhi ya tatu: jumla siku 32 na nukta mbili. Akidai eda imekwisha baada ya muda huo, husadikiwa, ingawa jambo lenyewe ni nadra. Akidai kabla yake, hukataliwa. Kauli, basi, hupokelewa mpaka pale hali ya dhahiri inapoikadhibisha, na msikilizaji hana ruhusa ya kuikataa kwa sababu tu inamshangaza.

Kwa mbwa msaidizi, dhahiri inayoweza kuikadhibisha kauli ni mbwa mwenyewe. Mbwa anayebweka ovyo, anayenusa sahani za watu, anayewarukia wapita njia au kukojoa kwenye nguzo ya duka ameshatoa ushahidi dhidi ya bwana wake, kama vile yule anayemla mnyama aliyemkamata alivyotoka katika sifa ya kufunzwa kwa mafakihi. Mbwa anayelala chini ya meza saa nzima bila kujulikana kwamba yupo hajathibitisha ugonjwa wa mtu yeyote, lakini hajaikadhibisha kauli, na hapo uchunguzi unapaswa kusimama.

Itasemwa kwamba katika fikihi ipo njia ya pili pia, ya tabibu. Mgonjwa anayetaka kutayamamu kwa udongo kwa kuhofia maji, kwa Mashafi, hutegemea neno la tabibu mwaminifu au ujuzi wake mwenyewe kama ni mjuzi wa tiba, na wamekhitilafiana kama uzoefu wa mtu na mwili wake unatosha. Ni kweli, na njia hiyo inafanana na fomu za mashirika ya ndege. Ila tofauti moja ni kubwa: tabibu wa tayamamu huulizwa na mgonjwa mwenyewe, kwa ajili ya dhamiri yake mbele ya Mola wake, na hakuna imamu anayesimama mlangoni pa msikiti kukagua barua za tabibu kabla ya kumruhusu aliyetayamamu kuingia safuni. Karatasi haikuwa ya bawabu.

Wanaodai karatasi wana hoja ya udanganyifu, nayo haipaswi kudharauliwa. Fulana za mbwa na vyeti vyenye mihuri ya kuvutia huuzwa kwenye intaneti kwa yeyote mwenye fedha, na majimbo mengi ya Marekani yametunga sheria za kuwaadhibu wanaojifanya. Mwongo mmoja mwenye mbwa mkali humharibia mgonjwa wa kweli, kwa kuwa mbwa msaidizi akishashambuliwa mara moja anaweza asifae tena kwa kazi. Lakini ni jambo la kuchekesha, na kuudhi pia, kwamba mwongo ndiye mwenye cheti kizuri zaidi. Mbwa aliyefunzwa kwa kweli huweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola, wagonjwa wengi husubiri miaka kumpata kutoka shirika la hisani, na wengine humfunza wenyewe, jambo ambalo sheria ya Marekani inaliruhusu. Kudai karatasi kunawachuja maskini na waaminifu na kuwapitisha wenye printa.

Njia ya kuangalia kazi ya mbwa nayo ina upungufu wake, na upungufu huo unaonekana vizuri zaidi Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuliko Marekani. Huko, baada ya vita vya kundi la waasi la LRA, ulianzishwa mradi wa kuwaunganisha manusura wa vita hivyo, wengi wao wakiwa walitekwa utotoni, na mbwa wa mitaani waliotibiwa na kufundishwa adabu. Manusura hujifunza kumlisha, kumwogesha na kumwongoza mbwa, na humpata mwenza katika jamii ambayo mara nyingi iliwatazama kwa hofu. Kwa kanuni za Marekani wengi wa mbwa hao wasingehesabiwa kuwa wasaidizi, kwani faraja itokanayo na kuwapo tu kwa mnyama haihesabiwi kuwa kazi. Sheria inahitaji kuchora mstari mahali fulani, na mstari huo unafaa kwa mlango wa duka. Lakini fakihi akiulizwa kuhusu kumfuga mbwa nyumbani hana sababu ya kuuazima, kwa kuwa haja aliyoizungumzia Nawawi haikuwekewa sharti la ufundi. Mbwa wa shamba naye, mara nyingi, kazi yake ni kuwapo tu.

Liko pia swali la mbwa mwenyewe, ambaye hakuulizwa. Kwa kawaida huanza kazi akikaribia miaka miwili na hustaafishwa kabla nguvu hazijamwisha kabisa, na kwa miaka yote ya katikati usingizi wake umefungwa kwenye mwili wa mtu mwingine. Dhana ya Kiislamu kwamba wanyama wametiishwa kwa ajili ya binadamu haimpi binadamu umiliki usio na masharti, na mafakihi walimwajibisha mwenye mnyama kumlisha, kumnywesha na kutomkalifisha asichokiweza. Msimamo huo unatosha kwa mbwa msaidizi, bila ya kujifanya kwamba mbwa ametoa ridhaa.

Mgongano mkali zaidi umetokea kwenye teksi. Katika uwanja wa ndege wa Minneapolis, jimboni Minnesota, madereva wengi wakiwa Wasomali, na kwa hiyo Mashafi, mgogoro uliohusu zaidi abiria waliobeba pombe, lakini uliowagusa pia wenye mbwa, ulimalizika mwaka 2007 kwa mamlaka ya viwanja kuamua kwamba dereva anayemkataa abiria atasimamishwa kibali chake siku 30, na akirudia atakipoteza kwa miaka miwili. Magazeti yaliuandika mgogoro huo kama ugomvi wa dini na haki za binadamu. Ungeweza pia kuandikwa kama kukutana kwa watu wawili wanaoomba kitu kimoja: abiria anataka asadikiwe kuhusu ugonjwa usioonekana, na dereva anataka asadikiwe kuhusu dhamiri isiyoonekana. Kwa kaida ile ile ya eda, dereva naye anastahili kusadikiwa kwamba jambo hili linamtaabisha kweli, na anayemtuhumu kwamba anaisingizia dini anafanya kama yule anayemwambia mgonjwa kwamba haonekani mgonjwa. Sheria ya Uingereza, kwa njia ya ajabu kidogo, humpa dereva wa teksi msamaha kwa sababu za kiafya pekee, kama vile mzio wa manyoya, tena kwa cheti. Abiria haulizwi karatasi, dereva anaulizwa.

Kuwasadiki wote wawili hakumaanishi kwamba wana haki sawa ya kupewa wanachotaka. Taabu ya dereva ina mwisho unaojulikana, nao ni maji na udongo, au hata hayo hayahitajiki iwapo mbwa ni mkavu na amelala chini miguuni pa bwana wake. Taabu ya abiria haina cha kuioshea, na akiachwa kando ya barabara hubaki na ugonjwa wake na bila usafiri. Kinachobaki ni siku za mvua na theluji, ambazo Minneapolis na London haziadimiki, manyoya yanapokuwa majimaji na kanuni ya kavu kwa kavu isifae. Hapo dereva Mshafi ana njia mbili. Anaweza kumfuata Imamu Maliki katika suala hilo moja, jambo ambalo maulamaa wengi wa Kishafi huliruhusu penye haja kwa masharti yake; au, kama moyo wake haumruhusu, anaweza kutandika turubai la plastiki sakafuni mwa gari na kulisuuza mara saba jioni, moja kwa udongo. Gharama ya turubai ni yake, kwa kuwa sheria ya Uingereza haimruhusu kumtoza abiria nyongeza yoyote kwa ajili ya mbwa.